Jembe, Pete na Kadi: Ndoa na Mashahidi Wake katika Ufipa

Swali ambalo halikosi kuzuka kila msimu wa harusi unapowadia ni hili: je, mila za posa, mahari na harusi zingali na maana katika jamii ya sasa? Wapo wanaojibu kwamba mila hizo ni mzigo tuliotwishwa na waliotutangulia, na kwamba wawili waliopendana hawahitaji zaidi ya hati ya Serikali. Wapo wanaojibu kwamba mila ni amana ya wazee, na kwamba mwenye kuibadili amekata mizizi ya jamii yake. Majibu haya mawili hupingana kwa sauti kubwa, lakini yana dhana moja inayoyaunganisha: kwamba mila ni kitu kilichotulia mahali pake tangu kale, na kwamba usasa ndio uliokuja ghafla kukitikisa. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha hivyo kwa kuitazama nchi moja iliyo mbali na visiwa vyetu, ambako ndoa imebadilisha vazi lake mara nne katika muda wa karne moja na nusu. Nchi hiyo ni Ufipa.

Ufipa ni uwanda wa juu ulioko kusini-magharibi mwa Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wake mkubwa, Sumbawanga, umekaa kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 1,540,519 katika mkoa huo. Jina la mji lenyewe, wanavyolifasiri wenyeji, maana yake ni "tupa uchawi": mgeni anayeingia anatakiwa auache nje uovu wake ndipo akaribishwe. Sijui kama kuna jina la mji linalofaa zaidi kwa mazungumzo ya ndoa, kwani kila posa, Ufipa na Unguja, huanza kwa watu wasiojuana kuombana waache shaka mlangoni.

Tumeichagua Ufipa kwa sababu mahsusi. Katika sehemu nyingi za Afrika wataalamu wametufundisha kuiona ndoa kuwa mapatano ya koo mbili, kila ukoo na kijiji chake. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta hali nyingine. Kijiji cha Wafipa hakikuwa ukoo uliojikusanya. Kilikuwa na watu waliotoka pande mbalimbali, wengine ndugu na wengine majirani tu, waliounganishwa na makazi na kazi. Mtu alihesabu udugu kwa baba na kwa mama pia, hata ndugu zake wakawa wametapakaa nchi nzima. Katika jamii ya namna hiyo ndoa haikuwa na ukuta wa ukoo wa kuiegemea. Ilihitaji majirani waijue, waikubali na waisimamie. Shahidi ndiye aliyekuwa nguzo yake, na ndiye tutakayemfuata katika makala haya.

Hata hadithi ya asili ya dola ya Wafipa inaanzia ndani ya nyumba ya mume na mke. Inasimuliwa kwamba hapo kale mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwacha mkewe nyumbani. Wakaja wanawake watatu wageni, nao mke yule akawakaribisha na kuwapa kigoda cha mumewe. Mtawala aliporudi, enzi ilikuwa imekwisha kuhama. Tangu hapo wazao wa wanawake hao, yaani ukoo wa Watwa, wakatawala Nkansi na Lyangalile kwa cheo cha Mwene, na Milansi ikabaki na heshima yake ya kidini katika mlima wa Itweelele. Willis aliifasiri hadithi hii kuwa fumbo kuhusu mwenyeji na mgeni. Inafaa tuongeze kwamba ni fumbo kuhusu nyumba pia. Kilichoamuliwa na mke akiwa peke yake, mume akiwa hayupo na jirani hayupo, kiliifunga nchi nzima. Wafipa waliosimulia kisa hicho vizazi kwa vizazi walifahamu kwamba mambo ya kiambo yakikosa shahidi huzaa mageuzi yasiyotazamiwa.

Tuanze na vazi la kwanza la ndoa, nalo ni jembe. Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache, na wakulima wake walivumbua ustadi wa kurundika majani na kuyafunika kwa udongo katika matuta ya duara yaitwayo intumba, ili majani yaoze na kuirutubisha ardhi. Kazi hiyo haifanyiki bila jembe imara. Kwa bahati njema Ufipa ilikuwa na chuma. Wahunzi wake walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yenye kimo cha mita tatu hivi, ambayo yalivuta upepo wenyewe bila kuvukutwa. Mawe ya chuma yaliunguzwa humo kwa siku kadhaa, kisha kilichopatikana kikasafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto kabla ya kufuliwa. Baadhi ya malungu hayo yalikuwa yangali yamesimama porini miaka ya 1990, pale Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, alipoyachunguza.

Jambo linalotuhusu zaidi ni jinsi wahunzi walivyoliona tanuru. Watafiti waliohoji wazee wa kazi hiyo, miongoni mwao Randi Barndon, wameeleza kwamba tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi. Fundi mkuu alilifikia na kapu lake la dawa, likafanyiwa matambiko, na wafuaji walitakiwa kujitenga na wake zao muda wote wa kazi, kana kwamba wameoa nyumba nyingine. Chuma kilichotoka kilikuwa mtoto. Kisha mtoto huyo akafuliwa kuwa jembe, na jembe likaenda kuposea mke. Mduara ulikuwa umekamilika: harusi ya tanuru ilizaa kitu cha kufungia harusi ya watu. Mtu anayeiita mahari ya jembe "bei ya mwanamke" ameona upande mmoja tu. Jembe lilikuwa chombo cha kulia chakula cha mwaka mzima, na pia lilikuwa ushahidi wa chuma kwamba watu wengi walikwisha kushiriki jasho lao katika ndoa ambayo bado haijafungwa.

Wala jembe halikutosha peke yake. Mchumba alikwenda kuwalimia wakweze, na kijiji kikamwona akifanya kazi: kama ni mvivu, walijua, kama ana hasira, walijua pia. Pombe ya ulezi ilipikwa na watu wakakaa kuinywa pamoja. Babu na bibi walikuwa na sehemu yao katika malezi, kwani mtoto wa Kifipa, kama alivyoonyesha Kathleen Smythe katika uchunguzi wake wa familia za Nkansi, hakulelewa na wazazi wake peke yao. Alihamia mapema kulala kwa wazee au pamoja na vijana wenzake, na mengi ya unyumba aliyapata huko. Msomaji wa visiwani atamkumbuka kungwi hapa. Majina ni tofauti lakini kazi ni moja: kumtafuta mtu asiyekuwa mzazi, akabidhiwe siri za nyumba, ili siku ya mgogoro awepo wa kuendewa.

Vazi la pili lilikuja na mapadri. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, waliipokea ngome ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika kutoka kwa Wabelgiji waliokuwa wakiitumia. Karema leo iko katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini ni kutoka pwani hiyo ya ziwa Ukatoliki ulikopanda kwenda uwandani. Wakazi wa kwanza wa misheni hawakuwa Wafipa wenye nyumba na mashamba. Wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani, watu ambao hawakujua wazazi wao walipo. Hapa ndipo maana ya harusi ilipojaribiwa kuliko wakati wowote. Mtu asiye na baba, mjomba wala shangazi, ataoaje? Nani ampelekee posa? Nani apokee mahari?

Mfano mashuhuri ni wa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa Mali leo. Akakamatwa na kuuzwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu, kisha akafika Karema mwaka 1889. Hakuondoka tena. Alitibu watu wa pwani ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu huyo aliyenyang'anywa ukoo wake alimwoa Agnes Wansabira, na mtoto wao Yosefu akapewa upadri mwaka 1923. Tukilitazama jambo hili kwa macho ya historia, altare ndiyo iliyomfanyia Atiman kazi ambayo jembe, pombe na babu walimfanyia Mfipa wa uwandani. Ilimpa mashahidi. Ilimtangaza mbele ya watu kuwa mume wa fulani, na kutokana na tangazo hilo mgeni akawa mwenyeji, na aliyekuwa bidhaa akawa baba wa nyumba.

Si kwamba Kanisa lilikuwa limeijua hekima hiyo siku zote. Kwa karne nyingi Ulaya nayo ilisumbuliwa na ndoa za siri, ambamo mwanamume aliapa faraghani na kukana hadharani. Mtaguso wa Trento ndio ulioamuru mwaka 1563 kwamba ndoa isihesabiwe bila paroko na mashahidi wawili au watatu, na amri ya Papa Pius wa Kumi ya mwaka 1907 ikalikaza sharti hilo kwa Wakatoliki karibu wote duniani. Kwa hiyo padri aliyefika Ufipa na daftari la ndoa alikuwa amebeba mila ya kwao, iliyozaliwa na matatizo ya kwao. Wafipa walielewa upesi matangazo yanayosomwa kanisani Jumapili kadhaa mfululizo, yakimtaka kila mwenye kujua kizuizi akiseme. Kijiji kuulizwa kabla ya ndoa halikuwa jambo geni kwao.

Yapo yaliyokuwa mageni na yaliyoumiza. Mafundisho ya ukatekumeni yalichukua miaka minne kwa kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, na mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka awaache isipokuwa mmoja. Wanawake walioachwa kwa amri hiyo walikuwa wameolewa kihalali mbele ya majirani wote, na siku moja wakajikuta si wake wa mtu. Kadhalika, mwanzoni mwa karne ya 20 wasichana walianza kuingia utawa, na likazaliwa shirika la wenyeji la Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Smythe ameeleza jinsi wazazi walivyotaabika kulipokea hilo: binti asiyeolewa wala kuzaa alikuwa kama shamba lililoachwa. Hata hivyo, baada ya muda, siku ya nadhiri ikageuka kuwa sherehe yenye ndugu, zawadi, ngoma na vigelegele. Waliokuwa hawakubali mwanamke awe mtu mzima bila ndoa walimkubali pale walipoitwa kushuhudia. Mila ilikuwa imepata njia ya kumpokea hata yule aliyeikataa.

Vazi la tatu ni fedha. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi ililipwa kwa sarafu. Majembe ya kiwandani yakaletwa kwa bei rahisi kuliko yale yaliyotoka katika malungu, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza moto wa matanuru ukazimika taratibu. Greig alipoyaandika maelezo yake ya ufuaji wa Ufipa mwaka 1937, alikuwa anaandika habari za kazi inayokufa. Vijana wakaanza safari za kwenda kwenye mashamba ya katani ya Tanga na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini kutafuta kodi na mahari kwa pamoja. Badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko lile la dini, ingawa halikuhubiriwa na mtu. Jembe lilitengenezwa mbele ya macho ya watu, na mchumba alilima mbele ya macho ya watu. Shilingi ya manamba ilichumwa mbali, siku nyingi za kusafiri, bila shahidi yeyote wa nyumbani. Kijana alirudi na mahari kamili mfukoni, na hakuna aliyejua ameipataje wala amekuwa mtu wa namna gani. Hapo ndipo mahari ilipoanza kufanana na bei kweli. Mapadri, machifu na wazee walilalamikia tamaa ya wazazi. Yafaa tuseme kwamba tamaa hiyo ilipata nafasi kwa sababu kilichokuwa kinaishuhudia mahari kilikuwa kimeondoka, ikabaki hesabu tupu.

Uhuru ulipofika, Serikali ikajaribu kuweka utaratibu. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, na Mwene wa Nkansi na wa Lyangalile wakabaki na heshima bila mamlaka. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa, ukajadiliwa nchini, na Sheria ya Ndoa ikaanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei 1971. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar, lakini inastahili kusomwa nasi pia kwa namna ilivyoikabili mila. Iliitambua ndoa ya dini, ya kiserikali na ya kimila. Ilitamka kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa. Kwa tamko hilo mahari ilivuliwa kisheria nguvu ya kuivunja ndoa.

Katika miaka hiyo hiyo Kanisa nalo lilikuwa limebadili sauti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ulitaka desturi njema za mahali zihifadhiwe katika adhimisho la ndoa, ukirudia neno lililokwisha kusemwa Trento. Jimbo la Karema, lililokuwa na askofu Mwafrika, Charles Msakila, tangu mwaka 1958, likaitwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969. Ngoma na vigelegele vikaingia kanisani. Ingedhaniwa kwamba baada ya hapo jembe, pete na hati vimepatana, na ndoa imekuwa nyepesi. Mambo hayakwenda hivyo, kwa sababu vazi la nne lilikuwa njiani.

Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya kuilisha nchi mahindi. Fedha ya mahindi ikaingia majumbani. Wafugaji Wasukuma nao walishuka na ng'ombe wao katika bonde la Ziwa Rukwa, na watoto wa pande mbili wakaanza kuoana, upande mmoja ukihesabu mahari kwa ng'ombe na mwingine kwa shilingi. Katika muongo wa 2010 barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ikakamilika, na pamoja na bidhaa nyingine ikapandisha mtindo wa harusi wa Dar es Salaam: kamati ya harusi, vikao vya kila wiki, kicheni pati, sendofu, ukumbi, mshereheshaji, picha za video, na kadi ya mwaliko yenye kima chake, ya mtu mmoja na ya watu wawili. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zianze nchini mwaka 2008, mchango hutumwa na mtu asiyeonekana kwa bwana harusi ambaye huenda asimwone kamwe.

Tusiidharau kadi. Asili yake ni njema. Mchango ni ule ule ulezi ulioletwa na majirani ili pombe ipikwe. Ni jamii inayokataa kumwacha kijana aoe peke yake. Lakini pombe ya ulezi ilimkaribisha kila aliyekuwepo, pamoja na bibi kizee asiye na kitu, ambaye pengine ndiye aliyemfunda bibi harusi. Kadi humwacha nje. Ukumbini huketi aliyelipa, na aliyelipa si lazima awe ndiye atakayeitwa usiku wa manane ndoa inapogombana. Ndivyo mashahidi walivyogeuzwa kuwa wageni waalikwa, na kazi yao ikaisha muziki unapozimwa.

Gharama hii ina waathirika wake. Hapo Sumbawanga, kama ilivyo katika parokia nyingi za Tanzania, wapo watu wengi waliochukuana na kuanza maisha, wakiahidiana kwamba watafunga ndoa mahindi yakipata bei. Bei huja na kuondoka. Anazaliwa mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mahari haijakamilika, kwa hiyo wazazi wa mke hawajaridhika. Harusi haijafungwa, kwa hiyo mume na mke hawapokei Komunyo. Hati haipo, kwa hiyo mwanamke hana karatasi ya kuonyesha. Analima, anazaa, anauguza wakwe, na siku mume akifa au akimleta mwingine, swali linaloulizwa ni moja: huyu ni nani hapa?

Sheria imejaribu kulijibu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango halisi katika kuchuma mali ya wanandoa. Uamuzi huo ni wa fahari, lakini kwanza mwanamke athibitike kuwa mke. Kwa asiye na hati kuna kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa. Kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowapatia sifa ya kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba walioana kihalali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tuyatafakari maneno hayo ya sifa. Sifa hutolewa na majirani. Dola yenye wasajili, mihuri na makabati ya hati, inapofika mwisho wa karatasi zake, inarudi kijijini kuuliza swali lile lile lililoulizwa enzi ya jembe: nani aliwajua hawa kuwa mume na mke?

Jibu la swali letu la mwanzo limejificha hapo. Jembe limepita, na matanuru yaliyolizaa yamebaki magofu. Pete ilikuja na ikakubaliwa. Shilingi ilikuja na ikapotosha mengi. Kadi imekuja nayo itapita. Katika mabadiliko yote hayo kitu kimoja hakikubadilika, nacho ni haja ya kuwa na watu wanaojua, waliokubali kujua, na wanaoweza kuulizwa. Mila inayoleta watu wa namna hiyo ina maana leo kama ilivyokuwa na maana wakati wa Mwene Kapufi. Mila inayowazuia watu wasioane mpaka wawe na fedha imeacha kazi yake, hata ikivaa kanga ya bibi na kupigiwa ngoma ya babu.

Hatusemi kwamba kila kilichoshuhudiwa ni chema. Kijiji kizima kinaweza kushuhudia dhuluma na kuipigia vigelegele. Sheria ya mwaka 1971 yenyewe iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe, na wapo wazazi walioipokea mahari ya mtoto mbele ya mashahidi kamili. Shauri lililofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi lilifikisha jambo hilo Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Rufaa ya Serikali ikatupwa mwaka 2019. Hukumu hizo zinatukumbusha kwamba shahidi wa kwanza katika ndoa ni bibi harusi mwenyewe, na ridhaa yake haiwezi kutolewa na mwingine. Wahenga waliposema akufukuzaye hakwambii toka, walimfikiria mgeni. Maneno hayo yanamfaa pia binti anayeozwa angali mwanafunzi, ambaye hafukuzwi kwao kwa neno bali kwa mahari iliyokwisha kupokewa.

Mwenye kutaka mila zidumu, basi, na azipime kwa kazi yake. Mshenga abaki, kwa kuwa ni yeye atakayerudi kuulizwa. Mafundisho ya wazee yabaki, mradi bwana harusi naye afundwe. Mahari, ikitolewa, iwe kitu ambacho kijana wa kawaida anaweza kukipata bila kuikimbia nyumba yake miaka kumi. Karamu iwe ile ambayo jirani asiye na kadi anaweza kuketi. Hayo hayahitaji sheria mpya wala waraka wa askofu. Yanahitaji wazazi wawili wenye ujasiri wa kupunguza.

Tayari iko njia inayotumika. Katika parokia mbalimbali za nchi yetu hufungwa ndoa za pamoja, ambapo jozi kadhaa, baadhi yao wenye wajukuu, husimama siku moja mbele ya padri mmoja, bila ukumbi na bila mshereheshaji. Wengine huwacheka kwamba wameoana uzeeni na kwa mafungu. Lakini watu hao waliishi pamoja miaka ishirini bila jina, na wanaposimama hapo, waliojaa viti nyuma yao ni majirani waliowajua muda wote huo. Harusi zao hazina kitu cha kupigiwa picha. Zina mashahidi, na hicho ndicho jembe la Ufipa lilikuwa likitafuta.